Malungu ya Ufipa: tanuru lililojivutia upepo lenyewe

Najua blogu imenuna karibu mwezi mzima. UE zilikuwa zimetubana koo, umeme wa hosteli nao una mambo yake, na bumu lilivyochelewa ndo kabisa, hata hela ya bando ilikuwa ya kuombaomba. Leo nalipa deni. Wale mlionisumbua niandike historia ya nyumbani badala ya kulalamikia maharage ya kantini, kaeni mkao wa kula. Ni ndefu kidogo.

Muhula huu sisi wa mekanika tuna somo ambalo kwa Kiswahili changu naliita usanifu wa vitu vitengenezeke na viunganishike. Jina refu, najua. Kwa ndugu zangu wa sheria na wa biashara, maana yake ni hii: mhandisi akichora mashine, haitoshi kuuliza kama itafanya kazi. Auliza pia nani ataitengeneza, kwa vifaa gani, kwa chuma kipi kinachopatikana dukani, na kuiunganisha kutahitaji mikono mingapi na dakika ngapi. Mchoro mzuri usiotengenezeka ni picha ya kutundika ukutani tu.

Kitabuni stori inaanzia Uingereza, kule Salford, miaka ya 1960. Geoffrey Boothroyd na mwenzake Alan Redford walikuwa wanahangaika na mashine za kuunganisha vitu zenyewe bila mkono wa mtu, wakaandika kitabu juu yake mwaka 1968. Mwaka 1967 Boothroyd alikuwa ameshahamia Marekani, Chuo Kikuu cha Massachusetts, na baadaye akaungana na Peter Dewhurst. Walichokuja kukisisitiza ni kitu ambacho ukishakisikia unajiuliza kwa nini watu walichelewa: kabla hujanunua mashine ya gharama ya kuunganisha vipande 40, jiulize kwanza kwa nini viko 40. Kila kipande kiulizwe maswali matatu. Je, wakati kitu kinafanya kazi, kipande hiki kinasogea tofauti na jirani yake? Je, ni lazima kiwe cha malighafi tofauti? Je, kisipokuwa peke yake, vingine havitawezekana kufungwa au kufunguliwa? Kama majibu yote ni hapana, basi hicho kipande ni mzigo, kiunganishwe na mwenzake. Mfuniko uliofungwa na bolti 8 una nati 8 na washa 16 nyuma yake, jumla vipande 33 pamoja na mfuniko wenyewe, kazi yote ni kufunika tu! Mwaka 1991 Boothroyd na Dewhurst walipewa medali ya taifa ya teknolojia ya Marekani kwa kazi hiyo.

Sasa darasani mtu akauliza, hivi huku kwetu kuna aliyewahi kuwaza hivi kabla hatujaletewa vitabu? Wengine wakacheka. Mimi sikucheka kwa sababu mimi natoka Sumbawanga, na jibu liko kule, limesimama juu ya nyasi, lina kimo cha karibu mita 3.

Kabla hamjaanza… ndiyo, najua mnavyotutania. Mtu ukisema unatoka Sumbawanga watu wanaangalia juu kama mawingu yapo, eti usije ukawatumia radi. Na jina lenyewe la mji linatafsiriwa kuwa ni "tupa uchawi", kwa hiyo tuliambiwa tuutupe tangu zamani. Utani wa radi una uhusiano na habari hii kuliko mnavyodhani, nitaurudia.

Ufipa ni uwanda wa juu uliokaa katikati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya uwanda ni nyasi, upepo na baridi. Mtu wa Dar akishuka kwenye basi mwezi wa sita anatafuta koti kabla hajatafuta choo. Miti mingi utaikuta kwenye miteremko ya kushukia maziwani. Wafipa wa zamani walilima ulezi kwa namna ambayo wataalamu wa udongo wanaisifu mpaka leo: walipindua majani na udongo wakatengeneza vilima vya mviringo, intumba, nyasi zikaozea ndani zikawa mbolea. Hapo hakuna samadi wala cha dukani. Lakini fikirieni ile kazi. Kupindua nyasi zenye mizizi, kilima kimoja baada ya kingine, shamba zima, ni kazi ya jembe zito la chuma. Bila chuma hakuna intumba, na bila intumba uwanda ule wenye miti michache haulishi watu. Kwa hiyo kwa Wafipa chuma kilikuwa chakula kabisa. Hata ukisoma historia ya falme za kule, ule utawala wa zamani wa Milansi, uliotangulia nasaba ya Watwa, unahusishwa na wafua chuma.

Na chuma walikipata kwa ilungu. Moja ni ilungu, mengi ni malungu.

Ilungu ni tanuru refu la udongo, pana chini na jembamba juu, kimo karibu mita 3. Chini lina matundu kadhaa kuzunguka, ambamo ziliwekwa bomba za udongo wa kuchomwa. Juu liko wazi. Ndani wanajaza mkaa na mawe yenye chuma kwa zamu, moto unawashwa chini, na linaachwa liungue kwa siku, usiku na mchana. Hakuna mvukuto. Hakuna kijana anayepampu upepo. Linavuta lenyewe!

Hapo ndipo mtu wa mekanika anasimama. Kuyeyusha mawe ya chuma kunahitaji moto mkali, sehemu ile ya uchafu wa jiwe iyeyuke na kutiririka kama mavi ya chuma, ambayo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 1,150 hivi kwenda juu. Chuma chenyewe hakiyeyuki pale, kinahitaji zaidi ya 1,500, kinabaki bonge. Sehemu nyingi duniani, na nyingi Afrika Mashariki, upepo wa kufikia joto hilo ulitoka kwenye mivukuto inayopigwa na watu kwa zamu. Wafipa wakasema hapana, jengo lenyewe liwe mvukuto.

Nimepiga hesabu ya bomba la moshi kama tulivyofundishwa, mnaweza kuikagua. Kule mita 1,800 hewa ni nyepesi, kama asilimia 16 chini ya ile ya pwani. Hewa ya nje yenye nyuzi 20 ina uzito wa karibu kilo 0.97 kwa mita ya ujazo. Hewa ya ndani, tuseme wastani ni nyuzi 800, inashuka mpaka kama kilo 0.27. Tofauti ya hapo mara kimo cha mita 3 mara mvutano wa dunia inakupa paskali 20 hivi. Paskali 20 ni nini? Ni mgandamizo wa milimita 2 za maji. Milimita mbili, wadau! Ukipuliza chai yako unazidi hapo. Na ukikata tanuru libaki mita 1 unabaki na paskali 7, ambazo haziwezi kupenya kwenye lundo la mkaa na mawe. Kwa hiyo kile kimo cha mita 3 hakikuwa mbwembwe. Ndo kilichokuwa injini. Na huwezi kulijaza mkaa laini wala mawe ya vumbi, upepo hafifu namna ile utaziba. Vipande lazima viwe vya ukubwa wa kupitisha hewa. Aliyepanga kimo alikuwa anapanga pia ukubwa wa kipande cha mkaa, hata kama hakuwahi kuandika paskali popote.

Malighafi ya ukuta je? Udongo wa kichuguu. Malungu yalijengwa karibu na vichuguu, na udongo ukachukuliwa hapo hapo. Mchwa ameshausaga, ameshaushikamanisha, na kwenye moto unastahimili. Hakuna kusomba tofali toka bonde la pili. Kichuguu ndo kilichoamua karakana ikae wapi. Leo tunafundishwa msemo wa namna hiyo kwa lugha ya heshima, kwamba gharama ya kusafirisha iingie kwenye usanifu toka siku ya kwanza.

Sasa kila usanifu una mahali unapolipia, na hapa ndipo napenda hii stori, kwa sababu watu wakisifia ya zamani huwa wanafanya kama hayakuwa na bei. Tanuru la kujivutia lina tabia ya polepole. Linakula mkaa mwingi mno, na mkaa ni miti, kwenye nchi ambayo miti si mingi. Halafu kinachotoka si chuma safi, ni mabonge yaliyochanganyika na mavi ya chuma na mkaa. Kwa hiyo Wafipa walikuwa na hatua ya pili: tanuru dogo linaloitwa kintengwa, mengi vintengwa, kimo chake hakifiki hata mita moja. Hapo ndo mvukuto ulipotumika. Mabonge yanachomwa upya, uchafu unatoka, chuma kinashikamana. Hatua ya tatu ni mhunzi, anafua jembe, shoka, mkuki.

Mnaona walichofanya? Kazi ya nguvu ya mikono, yaani kupiga mvukuto, iliondolewa kwenye hatua kubwa ya siku nyingi ikabaki kwenye hatua ndogo ya muda mfupi. Kipindi hicho cha kiangazi, baada ya mavuno, watu wapo lakini wana mambo mengine pia. Ilungu likishashika moto halihitaji kundi la vijana wanaobadilishana usiku kucha. Walichagua kutumia mkaa zaidi ili watumie jasho pungufu. Ungeweza kuchagua kinyume, na kuna waliochagua kinyume: Profesa Bertram Mapunda, aliyefundisha akiolojia hapa hapa Mlimani, alifanya utafiti Ufipa kwa shahada yake ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1995, kisha akatoa kitabu kizima mwaka 2010. Anatofautisha teknolojia tatu kule. Kuna katukutu, ya zamani, upande wa Ziwa Tanganyika. Kuna malungu. Na kuna ya Barongo, iliyoingia toka kaskazini, mafundi wa kuhamahama wenye tanuru dogo la mvukuto. Fundi anayehama hawezi kujenga mnara wa mita 3 kila kijiji. Anabeba mvukuto wake. Nchi ile ile, mawe yale yale, majibu mawili tofauti kwa sababu waunganishaji ni tofauti. Mwalimu wetu angekuwa na mfano huu angeacha ule wa printa za Marekani, nadhani.

Turudi kwenye radi. Waliotuandikia juu ya malungu walikuwa wengi wao wageni. R.C.H. Greig aliandika kwenye jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, R. Wise akaandika mara mbili mwaka 1958, mara ya kwanza juu ya kuyeyusha na mara ya pili juu ya mila za kuyeyusha. J.A.R. Wembah-Rashid, Mtanzania mwenzetu, alichapisha yake mwaka 1969. Randi Barndon toka Norway akatoa kitabu mwaka 2004 akilinganisha Wafipa na Wapangwa. Sasa karibu wote wanakutana na jambo moja: tanuru lilihesabiwa kama mwanamke, bibi harusi. Liliimbiwa, lilipambwa, dawa ziliwekwa chini yake toka kwenye kapu la fundi mkuu, na wanaume wa kazi ile walitakiwa wajizuie na wake zao mpaka kazi iishe. Chuma ni mtoto anayezaliwa.

Msomaji wa haraka anaishia hapo. Aha, uchawi wa Sumbawanga, nilijua! Anafunga kitabu. Kumbe pale kwenye kapu la dawa ndipo pamekaa utaratibu mzima: nani anaruhusiwa kugusa tanuru, lini moto unawashwa, nani ana neno la mwisho likiharibika. Mimi sisemi kila mzizi ulikuwa na kazi ya kikemia, hapana, huko ni kujidanganya. Nasema ukiwa na kazi ya siku nyingi, isiyo na kipimajoto wala daftari, inayoshindikana mtu mmoja akilegea, unahitaji kitu cha kuwafanya watu wote wafuate hatua kwa mpangilio ule ule kila mwaka. Kiwandani leo tunabandika karatasi ukutani na kumweka mkaguzi. Wao walikuwa na wimbo, mwiko na mzee mwenye kapu. Ukitaka kujua kipi kinawaogopesha watu zaidi kati ya karatasi ya ukutani na mzee mwenye kapu, waulize waliofanya PT mwaka jana.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho hakina sifa kwenye vitabu lakini kwangu ndo darasa lenyewe la uunganishaji. Jembe. Lile la zamani la kufuliwa lilikuwa bamba la chuma lenye umbo kama jani, na nyuma lina mkia mwembamba. Mpini ni mti wenye kichwa kinene, tundu linatobolewa kwa chuma cha moto, mkia unapitishwa. Basi. Vipande viwili. Hakuna msumari, hakuna kabari, hakuna nati. Kila ukipiga ardhi mkia unajisukuma ndani zaidi na unakaza. Likilegea unagonga kichwa cha mpini kwenye jiwe. Mpini ukivunjika unaenda porini kukata mwingine, na chuma kikiisha meno kinarudi kwa mhunzi kinafuliwa upya. Pitisheni maswali matatu ya Boothroyd hapo. Bamba na mpini ni malighafi tofauti, lazima viwe viwili. Kipande cha tatu hakipo. Limefaulu mtihani miaka mingi kabla mtihani haujatungwa.

Linganisha na jembe la tundu la kiwandani. Wenyewe wana sababu zao: tundu la mviringo linashindiliwa na mashine ya kukandamiza, mpini unakuwa fimbo iliyonyooka tu, rahisi kuchonga, na majembe yanapangwa vizuri kwenye kasha la meli. Yaani usanifu umemfuata mwenye mashine na mwenye meli. Kampuni ya Chillington ya Wolverhampton, Uingereza, iliuza majembe ya alama ya mamba sehemu nyingi za Afrika. Kwa bei na kwa wingi, mhunzi wa kijijini mwenye siku kadhaa za ilungu, halafu kintengwa, halafu nyundo, hakuweza kushindana. Na utawala wa kikoloni ulikuwa unataka kodi ya fedha taslimu, ambayo hulipwi kwa kujenga tanuru. Kufika katikati ya karne ya 20 malungu yalikuwa yamezimika. Baadhi ya maelezo tuliyo nayo yametokana na wazee kuombwa wawashe tena ili watafiti waandike.

Kuna watu huwa wanasema teknolojia ile ilikufa kwa sababu ilikuwa duni. Sikubali moja kwa moja. Chuma chake kilikuwa kizuri cha kutosha kulima Ufipa yote. Kilichoshindwa ni saa za kazi kwa kila jembe, na hilo ni swali la uzalishaji, ndo somo lenyewe tunalosoma. Henry Ford alipoanzisha mstari wa kuunganisha magari unaotembea kule Highland Park mwaka 1913, alikuwa anapunguza saa za kazi kwa kila gari. Upepo ule ule ndo uliozima malungu, ila uliingia Ufipa ukiwa ndani ya kasha la majembe.

Baada ya Uhuru tulijaribu kulirudisha jembe nyumbani kwa njia ya kiwanda. UFI pale Ubungo, jirani zetu kabisa hapa, kilijengwa kwa msaada wa China kikatoa majembe na plau. Nyanda za Juu Kusini tukapata Zana za Kilimo, Mbeya, maarufu ZZK. SIDO ilianza mwaka 1973, na mwaka huo huo Kitivo cha Uhandisi kikafunguliwa hapa Mlimani kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Wale waanzilishi wa kitivo waliweka jambo moja ambalo nawapigia saluti: mafunzo kwa vitendo, PT, kila mwaka mwanafunzi aende kiwandani likizo ndefu. Wazo lilikuwa kwamba mtu hawezi kuchora kitu cha kusubu kama hajawahi kuona chuma kikimiminwa. Mwaka 1981 ikaongezwa taasisi ya kubuni na kuzalisha, IPI, ikiwa na karakana yake, kisha mwaka 2001 kitivo na IPI vikaunganishwa ikazaliwa CoET tunayoijua. Lakini miaka ya 1990 ubinafsishaji ulipita, viwanda vingi vya umma vikasinyaa au kufungwa, na majembe ya nje yakajaa tena madukani. PT ikabaki kwenye ratiba, ila viwanda vya kuipokea vikapungua. Msomi wa miaka ya 1980 aliweza kufika kwenye mashine ya kushindilia tundu la jembe akaona kwa nini ukingo wake hauna kona kali. Wa leo anaangalia video.

Mfano wa hapa hapa nchini unaofundisha vizuri ni ile mashine ya mkono ya kukamua alizeti. Carl Bielenberg, Mmarekani, aliibuni kule Arusha mwaka 1985. Ni mkono mrefu wa kusukuma, pistoni, na kikapu cha nondo za chuma kinachopitisha mafuta na kuzuia mashudu. Ilikusudiwa itengenezwe na karakana za kawaida, kwa kuchomelea, siyo kiwanda kikubwa. Sasa ugumu wake uko wapi? Pistoni na silinda. Ikibana sana haisogei, ikilegea mbegu zinarudi nyuma. Hapo fundi anahitaji kerezo, na anahitaji kishikizo cha kupangia vipande ili kila mashine itoke sawa na ya jana. Sehemu nyingine zote unaweza kukosea milimita mbili na maisha yakaendelea. Mbuni mzuri anajua pa kubana na pa kuachia, na anapaacha wazi kwenye mchoro ili fundi asipoteze siku nzima kusawazisha mguu wa meza.

Nyumbani kwetu, kijiji fulani cha Ufipa ambacho sikitaji, mradi mmoja ambao nao sitautaja ulileta mashine ya kupukuchua mahindi. Nzuri kwa macho, rangi ya kijani, inang'aa. Ilifanya kazi msimu mmoja. Kikakatika kipande kimoja cha kusubu kinachoshika bearingi, chenye umbo la ajabu, na kipimo cha inchi wakati maduka yetu yanauza vya milimita. Mjomba wangu ambaye ni fundi wa kuchomelea alikizungusha mkononi siku mbili. Aliniambia, "Mwanangu, aliyechora hiki hakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu atakifungua." Sasa ile mashine kuku wanatagia ndani. Mahindi yanapigwa kwa fimbo kwenye magunia, katika mkoa unaolisha nusu ya jamaa zenu hapa mjini!

Kwa hiyo kwenye mradi wetu wa mwaka wa mwisho tumeanzia dukani. Mwenzangu wa kundi alikuwa Sumbawanga likizo, akapita maduka ya vyuma na gereji za kuchomelea, akaandika kilichopo. Vyuma vya pembe na vya bapa vinakuja vipande vya mita 6. Mabati mazito ni futi 8 kwa 4. Fundi ana mashine ya kuchomelea, grainda, drili, msumeno, na spana ambazo 13 na 17 hazikosekani. Kerezo zipo chache na foleni yake ndefu. Basi fremu nzima ya mashine yetu inatoka kwenye chuma kimoja cha mita 6, hakibaki kipande cha kutupa zaidi ya kiganja. Bolti zote za M8 au M10, hakuna za tatu. Bearingi ni zile zinazouzwa na nyumba yake. Tulianza na vipande 61, tumefika 23, na bado msimamizi wetu anatukunjia uso. Ana haki. Kuna kava moja tunaipenda kwa sababu ni nzuri tu, na swali la pili na la tatu inafeli.

Kitu kimoja cha mwisho, na hiki nawaomba wenye kwao Nkasi, Kalambo na Sumbawanga Vijijini. Baadhi ya malungu bado yamesimama mashambani, mengine ni nusu, mengine ni duara la udongo mwekundu na mavi ya chuma pembeni. Mvua ya kila mwaka inayala, na trekta linageuka karibu. Mkienda likizo hii ya kiangazi bebeni futi kamba. Pimeni kimo, upana wa chini na wa juu, hesabuni matundu na mpime kila tundu, pigeni picha ikiwa na mtu pembeni ili ukubwa uonekane, na muulize mwenye shamba kichuguu kilikuwa upande gani. Msichokonoe wala kuokota kitu, ni mali ya kale na sheria ipo. Nitumieni vipimo hapa. Nikipata hata kumi nitapiga hesabu ya paskali kwa kila moja niweke jedwali, tuone waliojenga upande wa baridi kama walirefusha zaidi ya wale wa mteremkoni.

Bumu likitoka nitaandika habari ya vintengwa. Tuko pamoja.